Nusu ya Nyutroni

Siakago,
Jumapili, alasiri

Wawira, Mama,

Umeenda kunyolewa, na nyumba imetulia hivi kwamba nasikia mabati yakilia kwa joto. Mlitoka pamoja, mama yangu mbele na wewe nyuma, mkikanyaga chini kwa mwendo mmoja, na nikabaki mlangoni nikiwatazama hadi vumbi la njia ya sokoni likawafanya mtu mmoja. Kisha nikarudi ndani, nikaketi kwenye kiti chako, si changu, nikafungua daftari hili.

Sitakuandikia habari za sabuni, wala siku ya kufua sweta, wala ni nani umwonyeshe karatasi za hospitali. Shule yako mpya ina watu wa kusema hayo, na watayasema kwa sauti kubwa. Kesho saa hii utakuwa Meru, kwenye baridi, na mimi nitakuwa hapa nikijifanya nasahihisha kazi za likizo. Kabla ya hapo nina jambo moja tu. Nimelibeba tangu jana asubuhi, na mara tatu nimefungua mdomo mbele yako nikaishia kukuuliza kama umekula.

Ni lile swali uliloniuliza darasani, siku niliyokuambia uketi.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kemia nimeifundisha miaka yote kwa Kiingereza, na ndani ya Kiingereza nimejua kujificha. Kwa Kimbeere ningelia kabla ya ukurasa wa pili. Kiswahili kiko katikati, kama uwanja wa shule saa za mapumziko. Hapo naweza kusimama nawe bila mmoja wetu kuwa mwenyeji.

Unajua kwa nini nakuita Mama, lakini niache niandike, maana leo nataka kila kitu kiwe kimeandikwa. Kwetu mtoto wa kwanza wa kike hupewa jina la mama wa baba yake. Baba yako alikuwa mvulana wa Kidato cha Tatu kama mimi, na watu wake walipomhamisha shule, walihama na jina lao. Basi jina likatoka upande wangu, ukaitwa Wawira kama mama yangu, cucu yako. Tangu siku hiyo nyumba hii ina Wawira wawili, na kwa desturi yetu nyote wawili ni mama yangu. Nikiita "Mama!" kutoka jikoni mnaitikia pamoja, mnacheka, halafu hakuna anayekuja.

Ulipoingia Kidato cha Kwanza katika shule ninayofundisha, tuliwekeana sheria ya lango. Unaikumbuka. Nje ya lango wewe ni Mama na mimi ni Mami. Ndani ya lango wewe ni Wawira, mimi ni Mwalimu, na hatujuani zaidi ya hapo. Nilikuwa nimesikia walimu wanaofundisha watoto wao wakisemwa, ati wanawapa alama za bure, na nikaapa hakuna atakayetusema sisi.

Ukaniuliza, "Na nikiumwa na tumbo?"

"Umwambie mwalimu wa darasa."

"Na nikikukosa?"

Tukacheka. Nilidhani ni mzaha. Leo sina hakika.

Siku yenyewe ilikuwa muhula wa kwanza wa Kidato cha Pili, kipindi cha baada ya chakula, darasa likinuka githeri na chaki. Naibu wa mwalimu mkuu alikuwa ameketi nyuma kabisa na daftari lake la ukaguzi juu ya goti. Wiki moja kabla nilikuwa nimewafundisha kwamba katikati ya atomu kuna kiini, na ndani ya kiini kuna protoni na nyutroni, na ukizihesabu zote pamoja unapata namba ya uzito wa atomu hiyo. Siku hiyo nilitaka mhesabu nyutroni za elementi chache. Niliandika ubaoni kwa haraka, nikichukua namba kwenye jedwali lililo nyuma ya kitabu, na sikutazama ninachoandika. Klorini: protoni kumi na saba, uzito thelathini na tano nukta tano.

Wewe ulitazama. Ukasimama, kalamu nyuma ya sikio.

"Mwalimu, nikitoa kumi na saba, nyutroni zinabaki kumi na nane na nusu."

"Eeh?"

"Sasa hiyo nusu inakaa wapi?"

Nauona uso wako hata sasa. Haukuwa uso wa mtu anayetaka kumwaibisha mwalimu. Ulikuwa uso wako wa utotoni, ule wa siku uliyokuta yai moto chini ya kuku ukaja ukikimbia umelishika kwa mikono miwili ili nami nilisikie joto lake. Ulikuwa umeniletea kitu.

Na jibu nililijua, Mama. Hilo ndilo linaloniuma. Kama nisingelijua ningejisamehe, maana kutojua si kosa kwa yeyote. Nililijua tangu chuo kikuu. Ningesema tu, "Nimekosea kuandika. Hii si namba ya atomu moja." Maneno machache hivyo. Lakini nyuma ya darasa kalamu ya naibu ilikuwa imesimama, na nikasema, kwa sauti ambayo siijui ilitoka wapi:

"Wawira, kama unatafuta nusu, nenda jikoni kwa cucu yako akupe nusu ya chapati. Hapa tunafanya kemia. Keti."

Darasa likacheka. Naibu naye akacheka. Ukaketi polepole, kama mtu anayeshuka ngazi asiyoiona, na kabla kengele haijalia nikamsikia rafiki yako Marigu, aliyekuwa dawati moja nawe, akisema, "Nusu, nipitishie rula."

Kufikia Ijumaa ulikuwa Nusu shule nzima. Nusu kwenye foleni ya chakula, Nusu kwenye netiboli. Nilikusikia ukiitwa hivyo hata kwenye kinu cha kusaga unga, na mtoto ambaye hata hajafika sekondari: "Nusu! Mwalimu amekupikia nusu gani leo?" Nilikuwa nje nikisubiri unga. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, na viatu vyangu, wajua, havina kamba.

Nyumbani hukusema neno. Ulikuwa unatii sheria ya lango, ambayo mimi ndiye niliyeitunga. Nilijiambia utasahau. Nilijiambia watoto wote hupewa majina. Baada ya hapo hukuinua mkono tena katika somo langu, na alama zako zikaenda zikakaa katikati kabisa ya darasa, si juu, si chini, muhula hadi muhula, kama mtu anayejificha kwenye umati. Na unajua nilifanya nini? Nilishukuru. Nilisema, afadhali, hakuna atakayesema nampendelea.

Mwezi wa kumi na moja mama yangu akanijia nikipika.

"Mtoto anataka kulala shuleni. Meru."

"Kwa nini Meru?"

"Mimi ni mjumbe tu. Mwulize mwenyewe."

Nikakuuliza. Ukasema unataka kuona baridi.

Basi jana. Nilikuwa nikipanga sanduku lako, nikitoa madaftari ya zamani ili nipate nafasi ya blanketi. La kemia lilianguka likafunguka upande wa nyuma, pale mnapojaribia kalamu na kuchora maua. Hapakuwa na maua. Kulikuwa na gorogoro nne zimechorwa kwa mstari, yale makopo ya bati ambayo cucu yako hupimia ndengu sokoni. Tatu zimeandikwa 35. Moja imeandikwa 37. Chini yake:

35 + 35 + 35 + 37 = 142. Gawanya kwa 4. Ni 35.5!!

Hakuna nusu. Zote ni nzima. Ziko aina mbili.

Halafu, kwa wino mwingine, mwandiko mdogo zaidi:

Nisimwambie.

Niliketi sakafuni, Mama. Nilisoma neno hilo hadi likaacha kuwa neno. Ulikuwa umelipata peke yako, lile ambalo watu wazima wenye maabara walilitafuta kwa miaka, ukalipata kwa gorogoro, ukaweka na alama mbili za mshangao. Kisha ukafikiri juu yangu, ukaona ni afadhali nisijue.

Nikamfuata mama yangu uani. Alikuwa akipepeta.

"Mama, ulimwonyesha nini Wawira? Habari za uzito?"

"Nilimwonyesha ndengu. Kwani wewe mwalimu ulimwonyesha nini?"

Akaendelea kupepeta, akanieleza. Ilikuwa siku ya soko, Jumamosi ya wiki ile ya swali lako. Ulikuwa umekaa nyuma ya gunia umenyamaza, na yeye hapendi mtu anayenyamaza karibu na biashara, ati anafukuza wateja. Mvua ilikuwa imetukimbia msimu huo, kwa hiyo ndengu za shamba letu zilikuwa nyepesi. Alikuwa ameletewa nyingine kutoka Kiambere, kwa dada yake anayenyunyizia maji karibu na bwawa, na hizo zilikuwa nzito. Kwa macho ni ndengu zilezile. Kijani kilekile, na chunguni zinaiva pamoja. Alikuwa akichanganya gorogoro tatu za hapa na moja ya Kiambere, na kila mteja akimwambia wazi, maana ni mkaidi wa ukweli.

"Akaniuliza, 'Cucu, sasa gorogoro moja ya gunia hili ina uzito gani?' Nikamwambia, ukichanganya vizuri, uzito unakaa katikati, lakini unavutwa na zile zilizo nyingi. Akaniuliza, 'Na kuna punje yenye uzito huo wa katikati?' Nikamwambia, wacha upuzi, punje ni ya hapa au ni ya Kiambere. Akaruka! Akanikumbatia mbele ya watu. Nikajua ana jambo."

Akasimamisha ungo, akanitazama.

"Nilidhani atakuja kukuambia."

Sasa nikupe sababu. Usiichukue kama udhuru.

Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na saba, shule yangu ilikuwa na ubao mkubwa nje ya ofisi, na juu yake palikuwa na namba moja tu iliyopakwa rangi nyekundu: wastani wa shule. Tulipita mbele yake kila asubuhi kama watu wanaopita mbele ya altare. Tumbo lilipoanza kuonekana, mwalimu mkuu aliniita na mama yangu. Hakuniita mwovu, hakutaja dhambi, na pengine hilo lingekuwa jepesi. Alisema, kwa upole, kwamba msichana mmoja tu anaweza kuushusha wastani wote. Mama yangu alikuwa amebeba sweta yangu begani. Akasema, "Mimi nilileta mtoto. Hiyo namba mliileta nyinyi." Tukaenda nyumbani.

Nilikuzaa Kiambere, kwa yule dada ya mama yangu, mbali na macho. Miezi hiyo sijawahi kukusimulia vizuri kwa sababu naikumbuka kama mtu anavyokumbuka ndoto. Alasiri nilikuwa nakubeba hadi ukingo wa bwawa, na maji yalikuwa yamelala, na vilima vimelala ndani ya maji kichwa chini, na sikujua mimi ni nani. Si mwanafunzi. Si mke wa mtu. Nilikuwa naketi kwenye jiwe nikikunyonyesha, nikitazama mvuke mwembamba unaotoka juu ya maji, mpaka nikahisi kwamba sisi wawili pia hatuna uzito, kwamba upepo ukija kidogo tutapanda.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeketi katika ukumbi wa chuo, nilijifunza kwamba katika maji yoyote, pamoja na yale, mna maji mazito machache sana. Ni maji yaleyale, huwezi kuyajua kwa ulimi wala kwa macho. Ila ndani ya hidrojeni yake kuna nyutroni moja ambayo mengine hayana, na jua likipiga, hayo hayana haraka ya kupanda. Mepesi hutangulia, mazito hubaki nyuma kidogo. Mwalimu wetu alikuwa akichora ubaoni, na mimi nilikuwa kwenye jiwe langu Kiambere, nawe kifuani. Nililia, na msichana aliyekuwa kando yangu akanipa leso akidhani ni mafua.

Lakini hayo ni ya baadaye. Kwanza nilirudi shuleni, shule nyingine, na mama yangu akakulea. Nilisoma kama mtu anayefukuzwa. Nilipata alama ambazo watu walizipigia makofi, na picha yangu ikabandikwa, na hakuna aliyeuliza habari za mtoto. Hapo ndipo nilipokosea, na sikujua kwamba nimekosea kwa miaka kumi na tano. Nilidhani namba imeniponya. Nikawa mtu wa namba. Nikaingia darasani kila mwaka nikiwa na wastani wa mwaka uliopita kichwani, nikiwaangalia watoto arobaini na kitu na kuona kitu kimoja kinachopanda au kushuka. Siku uliyosimama na swali lako, kalamu ya naibu ilipokoma, sikuwa na miaka thelathini na mbili. Nilikuwa na kumi na saba, nikisubiri kuambiwa kwamba nimeushusha.

Kwa hiyo nikakushusha wewe.

Jana mchana, baada ya daftari lile, nilijilaza kidogo na nikaota. Niliota lile jedwali la elementi ninalobandika ukutani, lakini lilikuwa nyumba ndefu ya vyumba vingi, na kila mlango una namba yake. Nilikuwa nikitembea kwenye veranda bila viatu, na sakafu ilikuwa na joto zuri kama sufuria iliyoepuliwa muda mrefu. Nikafika mlango wa kumi na saba. Ndani mlikuwa na wanawake wengi, wote wanaitwa jina moja, wote wanacheka vilevile. Wengine walikuwa wamebeba mizigo miwili zaidi chini ya shuka, na shuka haikuonyesha kitu. Nikawauliza, "Nani kati yenu ana nusu?" Wakatazamana. Hawakunielewa hata kidogo. Mmoja akaniambia, kwa sauti ya mama yangu au yako, "Hapa hakuna nusu. Aliyekuambia ni nani?"

Nikaamka.

Sasa nikujibu, Wawira, kama nilivyopaswa kukujibu, ingawa umekwisha kujijibu.

Hakuna atomu ya klorini yenye uzito wa thelathini na tano na nusu. Haipo katika chumvi ya jikoni kwetu, haipo katika dawa tunayotia kwenye maji ya tangi, na haijawahi kuwepo popote. Kuna zenye nyutroni kumi na nane, na kuna zenye nyutroni ishirini. Zote ni klorini kamili, kwa sababu kinachoipa elementi jina na mlango wake ni protoni, na hizo ni kumi na saba kwa kila moja. Nyutroni hazina chaji. Hazivuti wala hazisukumi elektroni, kwa hiyo atomu mbili zinaweza kufanya mambo yote kwa namna moja, huku moja imebeba zaidi na hakuna anayejua mpaka zipimwe. Hizo ndizo isotopu. Karibu tatu kwa moja, nyepesi kwa nzito, kama gunia la cucu. Ile namba iliyo kwenye kitabu ni ya gunia. Ni namba ya kweli, na ina kazi yake: ukitaka kupima klorini ya kujaza chupa, bila hiyo utakosea. Lakini ukichukua atomu moja ukaiuliza nusu yake iko wapi, unaionea.

Na mimi niliichukua namba ya gunia, nikaiandika juu ya mmoja. Ulipoliona hilo, ukiwa na miaka kumi na mitano, nikakutuma kwa chapati.

Huko unakoenda kuna ubao pia. Nilifanya mazoezi ya kufundisha karibu na uwanja wa Kinoru, hukohuko Meru, naujua mji ule asubuhi unavyofunikwa na ukungu mpaka huoni mkono wako. Kulikuwa na siku za mechi ambapo nilikuwa nikisahihisha vitabu na kusikia watu wa uwanjani wakipiga kelele, mlio mmoja mkubwa unaopita juu ya miti. Nilikuwa naacha kalamu nisikilize. Ulisikika kama sauti ya mnyama mmoja. Jioni nilipokutana nao njiani ndipo nilipoona kwamba huyu alikuwa amepiga kelele kwa furaha, na huyu kwa hasira, na yule alikuwa na mtoto mabegani na hata hakujua nani amefunga. Utausikia kutoka bwenini. Ukiusikia, fikiria hivyo, ukipenda. Au usifikirie lolote, ulale.

Watakupima, na ni sawa wakupime. Sikwambii uidharau namba. Mimi niliiogopa, na kuiogopa na kuiabudu ni karibu kitu kimoja. Ila ninakuomba utoke pale katikati. Nilijua unajificha, kwa sababu mimi ndiye ninayejua vizuri zaidi nyumbani kwetu namna ya kujificha ndani ya alama. Mimi nilijificha juu, wewe ukajificha katikati.

Kesho kutwa shule yetu inafunguliwa, na kipindi changu cha kwanza ni Kidato cha Tatu, darasa lako bila wewe. Nitaandika klorini ubaoni vilevile nilivyoiandika, na kosa langu ndani yake. Nitawaambia kwamba mwanafunzi mmoja aliliona kosa hili, akaniuliza, na nikamfanya achekwe na darasa kwa sababu niliona aibu mbele ya mtu. Nitamtaja. Nitachora gorogoro nne. Nimemwomba naibu aje aketi nyuma, akaniuliza, "Ni ukaguzi tena?" nikamwambia ndiyo. Jina la Nusu siwezi kulifuta vinywani mwao, hilo naelewa. Marigu ataendelea kulitumia akikuandikia, na pengine siku moja utalipenda. Lakini watajua lilitoka kwa kosa la nani.

Sikuombi unisamehe kabla ya gari la asubuhi. Unaweza kwenda umekasirika. Hasira utaiweza, nimekuona ukiibeba mwaka mzima bila kuiangusha hata mara moja, na mimi nikiita hiyo adabu. Jambo moja tu siliwezi, nalo ni wewe kufika Meru ukiamini kwamba mtu akiona kilicho kweli ni afadhali anyamaze. Nisimwambie. Hilo neno mimi ndiye niliyekufundisha, na halimo kwenye silabasi.

Mbwa amebweka. Nasikia sauti zenu kwenye kona ya ua, mama yangu anakucheka kichwa, ati sasa mmefanana kabisa, mnaweza kubadilishana vitambulisho, na wewe unamwambia, "Cucu, wewe huna kichwa kizuri hivi." Nitawatambua mmoja mmoja mkiingia, hata mkija na vumbi. Wewe umebeba vitu ambavyo yeye hakubeba, na sitathubutu kukisia uzito wake.

Sitaificha barua hii kwenye sanduku uikute wiki ijayo. Nitakupa mkononi sasa hivi, na nitakaa hapa kwenye kiti chako wakati unaisoma. Hapa si ndani ya lango. Ukifika mwisho, usinipe pole na usiniulize kama nimekula. Nilikuambia uketi. Simama, Mama. Niulize tena.

Mami wako